Ndoto Ambayo Kokuberwa Hakuiota

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka migombani, watu wa nyumba ya Apolinary walikusanyika jikoni kusimuliana ndoto. Hakuna aliyewahi kuwaamuru kufanya hivyo. Mama alikoroga uji, Baba alivuta kiti karibu na mlango, na Bibi Salvina alikaa kwenye kigoda chake kando ya mafiga akimenya ndizi za mchana. Watoto wawili walijipenyeza katikati yao, maana asubuhi za Nyabiyonza zina baridi ya kuuma. Uji ulipoanza kutokota, Bibi aliuliza swali lake la siku zote.

"Haya, usiku mlitembea wapi?"

Elick, wa darasa la kwanza, hakusubiri hata siku moja mkubwa aanze. Alikuwa amempanda ng'ombe mweupe, akavuka naye milima yote mpaka Kyerwa, na ng'ombe huyo aliongea Kiswahili safi kama mwalimu mkuu. Baba alicheka mpaka uji ukampalia. Yeye ndoto zake zilikuwa zile zile: amepoteza jembe, analitafuta, kumbe amelishika mkononi. Mama aliota maji, mengi na matulivu. Na Bibi, ndoto zake zilikuwa ndefu kuliko barabara ya kwenda Bukoba. Zilijaa harusi za zamani, ngoma, na watu ambao jikoni pale hakuna aliyewajua isipokuwa yeye.

Kisha kisu cha Bibi kilitulia kidogo juu ya ndizi. "Na wewe, Kokuberwa?"

"Nimelala tu, Bibi."

"Dada analala kama gogo!" Elick alisema, na wote wakacheka, pamoja na Kokuberwa mwenyewe. Lakini kicheko chake kiliishia mdomoni.

Kokuberwa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na hakuwahi kuota hata siku moja. Alifumba macho usiku, akafumbua asubuhi, na kati ya hapo hapakuwa na kitu. Shuleni wenzake walikuwa wakisema, "Si unaijua ile ndoto ya kukimbizwa, halafu miguu haisogei?" Naye aliitikia kwa kichwa kama anaijua. Rafiki yake Ainembabazi alimshauri aweke majani ya kahawa chini ya mto. Aliyaweka, akapata sisimizi, ndoto hakupata. Alijaribu kulalia ubavu wa kushoto, akajaribu kugeuzia kichwa mlangoni. Wapi! Wakati mwingine alitazama ukungu unavyozunguka kati ya migomba, akawaza kwamba labda ndoto ndivyo zilivyo, kitu cheupe kinachopita taratibu nje ya dirisha lake na kuingia kwa watu wengine.

Alianza kuamini kwamba ana upungufu fulani. Na hilo lilimuumiza hasa kwa sababu Bibi alikuwa akimpenda kila mtu kwa ndoto zake.

Bibi mwenyewe alihitaji ndoto kuliko wote, maana kwa miaka mitatu macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mboni zilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Aliwajua watu kwa hatua zao na kwa vikohozi vyao. Alimenya ndizi bila kujikata, kwa sababu mikono yake ilikwisha kuizoea kazi hiyo kabla Baba hajazaliwa, lakini hakuweza tena kwenda kisimani wala kujua nani amepita njiani bila kusalimia. Katika ndoto tu ndipo alipoona vizuri. Huko, alisema, kila jani lilikuwa na kingo zake.

Basi mwezi ule katibu wa kigango alitangaza kanisani kwamba madaktari wa macho wangekuja Kayanga kwa siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, kisha wangeondoka. Bibi alikataa Jumapili ya kwanza. Alikataa ya pili. Jumapili ya tatu alishusha pumzi ndefu akasema, "Haya, niandikisheni. Nimechoka kuuliza kama kumekucha." Jina lake likaandikwa, siku yake ikawa Alhamisi. Nyumba nzima ilifurahi, na Mama alianza kuhesabu vitenge vya kumfungashia.

Asubuhi ya Jumatano, Bibi aliuliza swali lake kama kawaida. Elick alikuwa ameota ameoga kwenye sufuria ya maharage. Walipomaliza kumcheka, Bibi akageuka.

"Na Kokuberwa wetu? Amelala tu?"

Sijui ni nini kilichomwingia Kokuberwa asubuhi ile. Pengine ni ule mvuke wa uji, pengine ni namna Bibi alivyouliza akiwa tayari anajua jibu. Alifungua mdomo, na maneno mengine kabisa yakatoka.

"Hapana, Bibi. Nimemwona Babu."

Kisu kilisimama. Babu Rwegoshora alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na kaburi lake lilikuwa pale pale kibanjani, katika shamba la migomba lililoizunguka nyumba.

"Ulimwona wapi?" Bibi aliuliza polepole.

"Kibanjani. Lakini kibanja kilikuwa kikubwa, hakina mwisho, na ukungu wake ulikuwa wa joto. Katikati kulikuwa na nyumba ya msonge, ile ya kizamani ya nyasi, lakini mpya, kama imejengwa jana. Nikachungulia mlangoni. Babu alikuwa amepiga magoti, anatandaza nyasi sakafuni. Mbichi, Bibi, zina umande. Harufu yake mpaka sasa naisikia."

Harufu ile aliijua kweli. Krismasi ya mwisho ya uhai wake, Babu alikata nyasi bondeni, akazitandaza sebuleni kama wazee wake walivyofanya walipotarajia wageni, na Kokuberwa akagaagaa juu yake mpaka gauni likawa kijani. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote aliyoyakumbuka, kwa hiyo akalitia kwenye ndoto yake.

"Alikuambia kitu?"

"Alisema..." Kokuberwa alitafuta maneno hewani. "Alisema amebakiza upande mmoja tu."

"Upande wa mlangoni, au wa kitandani?"

"Wa kitandani," alijibu, kwa sababu ndilo lililosikika tamu zaidi.

Elick alikuwa ameachama mdomo. Kisha uso wa Bibi ukalainika, akatabasamu tabasamu ambalo Kokuberwa hakuwahi kuliona, akanyoosha mkono mpaka ukampata mjukuu wake begani.

"Asante, mama. Umeniletea habari."

Siku nzima Kokuberwa alikuwa kama anaelea. Alimsimulia Ainembabazi njiani, akaongeza chumvi kidogo, na mapumziko yalipofika akaongeza nyingine. Kufikia saa nane hata yeye mwenyewe alikuwa akiiona ile nyumba ya msonge kati ya migomba, na ule mgongo wa Babu ulioinama. Aliwaza kwamba kumbe kuota si kugumu.

Aliporudi nyumbani alikuta kitenge cha Pasaka cha Bibi kimeanikwa uani, kimefuliwa. Bibi alikuwa amekaa barazani, rozari mkononi, akimwelekeza Mama nani apewe chungu kikubwa na nani apewe mkeka mpya. Mama alikuwa akiitikia "ndiyo, Mama, ndiyo, Mama," huku machozi yanamlengalenga. Baba alitokea kwenye uwanja wa kuanikia kahawa akijipangusa mikono.

"Apolinary," Bibi alimwita, "kesho siendi."

"Huendi wapi, Mama?"

"Kayanga. Waambie nafasi yangu wampe mwingine."

Baba alichuchumaa mbele yake. "Mama, madaktari wanaondoka Ijumaa. Hatujui watarudi lini."

"Wataondoka, nami nitaondoka. Baba yako ananitandikia, mtoto amemwona. Wewe umesahau nyasi hutandikwa lini? Hutandikwa mgeni akiwa njiani. Na upande wa kitandani hatandikiwi mpita njia. Mgeni wake ni mimi."

"Lakini Mama, hiyo ni ndoto ya mtoto!"

"Ndiyo maana naiamini. Mtoto ana sababu gani ya kunidanganya?"

Kokuberwa alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mkoba bado uko mgongoni. Alitaka kusema. Alifika mpaka kwenye ngazi ya baraza, lakini akaishia hapo. Angewaambia nini? Kwamba amemtania marehemu? Kwamba yeye bado ni yule yule asiye na ndoto, na sasa ni mwongo pia?

"Na macho yako je?" Baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Macho ya nini huko ninakokwenda? Sitaki kufia kwenye kitanda cha watu. Anikute hapa hapa."

Alhamisi asubuhi uji ulichemka, ukaiva, ukanywewa, na Bibi hakuuliza swali lake. Gari la kwenda Kayanga lilipiga honi barabarani, likasubiri kidogo, likaondoka. Kokuberwa alilisikia likipanda kilima mpaka mlio wake ukapotea. Shuleni aliulizwa nane mara saba, akajibu thelathini na sita.

Mchana aliporudi, Bibi hakuwa barazani. Alimtafuta jikoni, akamtafuta chooni, kisha akasikia mlio wa panga kutoka kibanjani. Jua lilikuwa likipenya kwenye majani makubwa ya migomba na kutua chini vipande vipande, na katikati ya mwanga huo wa kijani Bibi alikuwa amepiga magoti kando ya kaburi la Babu. Alikuwa akipapasa ardhi kwa mkono wa kushoto na kukata magugu kwa mkono wa kulia. Alikuwa amekwisha kusafisha mahali, upande wa kushoto wa kaburi, padogo, kiasi cha mtu mmoja kulala.

"Hizo ni hatua za Kokuberwa," Bibi alisema bila kugeuka. "Njoo uniangalizie kama pamenyooka."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Pamenyooka?"

"Pamenyooka."

Bibi aliweka panga chini, akakaa, akapiga-piga ardhi kando yake. Kokuberwa akakaa. Upepo ulipita, majani yakasuguana juu yao.

"Nisimulie tena," Bibi alisema. "Polepole. Alivaa ile kofia yake?"

"Ndiyo, alivaa."

"Na koti?"

"Na koti."

"Na uso wake ulikuwaje?" Sauti ya Bibi ilishuka. "Hilo nieleze vizuri, mama. Tangu macho yaanze kuniharibikia nilikuwa namwona kama kivuli tu, na sasa sura yake naanza kuisahau. Usiku naitafuta, siipati. Wewe umemwona juzi tu. Niambie uso wake ulikuwaje."

Uongo una mahali unapogonga mwamba, na wa Kokuberwa uligonga pale. Kofia aliweza kuitunga, koti aliweza kulitunga. Lakini Bibi alikuwa amemgeuzia yale macho meupe, anangoja kama mtoto anayengoja kupewa kitu, na Kokuberwa akaona kwamba chochote atakachosema Bibi atakichukua na kukitunza mpaka kufa kwake.

"Bibi, sikumwona." Alianza kulia. "Sikuota. Sijawahi kuota hata siku moja. Nilitunga. Ninyi nyote mnaota, mimi sina kitu, nikaona haya. Zile nyasi ni za Krismasi ile. Sikujua maana yake, Bibi, wallahi sikujua. Nisamehe."

Bibi aligeuzia uso kaburini, akaweka kiganja taratibu juu ya udongo.

"Kwa hiyo hakuja," alisema mwishowe.

Kokuberwa alikuwa amejiandaa kwa makofi, amejiandaa kwa matusi hata. Kwa maneno hayo hakuwa amejiandaa.

"Unajua," Bibi aliendelea, "mimi naota watu wote. Shangazi zangu, mapadri, hata mbuzi wetu wa zamani. Yeye tu ndiye sijamwota. Miaka miwili namngoja. Uliposema amekuja kwako niliona wivu kidogo, kisha nikafurahi sana. Nikasema basi, amepitia kwa mtoto." Akapangusa pua kwa ncha ya kanga. "Umenipa mume wangu siku mbili, umemchukua tena. Hilo linauma, Kokuberwa. Sitasema haliumi."

Kisha aliinuka, akaokota panga, akatafuta njia ya kurudi nyumbani kwa kupapasa migomba, na Kokuberwa alipomshika ili amsaidie aliuchomoa mkono wake.

Jioni hiyo Kokuberwa aliwaeleza Baba na Mama yote, mwanzo hadi mwisho, akiwa amesimama. Baba alikasirika kiasi kwamba alitoka nje akaenda kuongea na ng'ombe. Bibi hakusema na mtu.

Lakini Ijumaa, kabla hakujapambazuka vizuri, Bibi alitoka chumbani amevaa kitenge cha Pasaka. "Leo ndiyo siku yao ya mwisho?" aliuliza. "Basi twendeni. Na huyu mtoto haendi shule. Yeye ndiye aliyenizuia, yeye ndiye atakayenishika mkono."

Kayanga walikuta benchi limejaa mpaka nje. Wazee kutoka Igurwa, kutoka Kanoni, wengine kutoka mbali kule Kyerwa, wote wameinua nyuso kidogo kama watu wanaosikiliza mvua. Muuguzi aliyeshika orodha, Joanitha, alipitisha kidole chake juu hadi chini.

"Salvina alikuwa wa jana," alisema. "Ya leo imejaa, Mzee. Poleni sana."

Kokuberwa alihisi kiganja cha Bibi kikilegea mkononi mwake, kama mtu aliyekwisha kukubali. Alipiga moyo konde, akamwachia, akasogea mbele.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni kosa langu. Jana hakuja kwa sababu nilimdanganya. Nilimwambia nimemwota Babu anamtandikia nyasi, akadhani anakwenda kufa. Sikuwa nimeota kitu. Tafadhali msimwadhibu yeye kwa ajili yangu. Tutasubiri hata mpaka jioni."

Watu kwenye benchi waligeuka. Kokuberwa aliona masikio yake yanawaka moto, lakini hakurudi nyuma. Joanitha alimtazama yeye, akamtazama Bibi, akakuna kichwa kwa kalamu.

"Sina ahadi ya kuwapa," alisema. "Kaeni pale mwisho. Madaktari wakimaliza hawa wote na wakiwa bado na nguvu, nitawaomba."

Wakakaa pale mwisho. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Mawingu yalitembea juu ya Kayanga, vivuli vyake vikateleza polepole uani, na benchi likapungua mtu mmoja mmoja. Bibi alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Saa kumi na moja kasoro, benchi lilipobaki na wao watatu tu, Joanitha alitokea mlangoni akiwa amechoka, kofia imekwenda upande. Alimwonyesha Kokuberwa kwa kichwa tu: mlete.

Jumamosi asubuhi, wodini, wanawake sita walikuwa wamekaa vitandani, kila mmoja amezibwa jicho moja kwa kitambaa cheupe. Hewa ilinuka dawa na chai ya maziwa. Kokuberwa alikuwa ameketi miguuni pa Bibi, akingojea pamoja nao. Na wanawake wa huko, popote uwaweke, asubuhi lazima wasimuliane ndoto. Mmoja, mama mnene kutoka Igurwa, alianza:

"Jamani, usiku nimeota nimerudi msichana, nateka maji, na mtungi hauna uzito!"

Wa pili akasimulia yake, wa tatu yake. Kokuberwa alihisi zamu inakuja, kama anavyoihisi darasani. Ikafika.

"Na wewe, binti wa pale mwisho, umeota nini?"

Angeweza kusema chochote. Hapa, ukimtoa Bibi, hakuna aliyemjua.

"Sijaota," alisema. "Mimi sijawahi kuota hata mara moja."

Kisha mama wa Igurwa akaguna. "Basi mimi sijawahi kupanda gari. Mpaka juzi nilipoletwa hapa. Nilishika kiti kwa mikono miwili njia nzima!"

"Mimi sijawahi kuingia darasani," alisema mwingine, taratibu. "Hata siku moja. Najua kuweka kidole gumba tu."

"Mimi sijawahi kusherehekewa siku ya kuzaliwa. Hata siyo kwamba nimesahau. Siijui."

"Mimi," alisema bibi kizee kutoka Kanoni, "nalima kahawa tangu utoto. Nimeitafuna, nimeianika, nimeiuza. Kikombe cha kahawa ya maji ya moto sijawahi kukitia mdomoni. Wanasema ni chungu?"

Wodi ilianza kucheka. Joanitha aliyekuwa akiingia na sinia ya vitambaa alisimama kusikiliza, akaweka mkono kiunoni. "Mkiapa hamtasema nje, nami nitawaambia. Mimi ni Mhaya wa Muleba, baba na mama, na sijawahi kula senene, wale panzi wetu wa kukaanga."

"Weee!" wodi nzima ilipiga kelele. Mama wa Igurwa alicheka mpaka akakumbushwa ashike jicho lake.

"Na wewe, mdogo wangu," Joanitha alimwambia Kokuberwa, "nilifundishwa kwamba huenda karibu watu wote wanaota, ila wengine wakiamka hawakumbuki kitu. Wako wengi kuliko unavyodhani. Huumwi." Kisha akaweka sinia chini. "Haya, Bibi Salvina, tuanze na wewe."

Alibandua plasta polepole, akaondoa kitambaa, akalifuta jicho kwa pamba. Bibi alikuwa amelifumba kwa nguvu zote.

"Fumbua, Bibi."

"Naogopa."

"Fumbua tu."

Bibi akafumbua. Kwanza alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza juu na chini. "Kumbe nimezeeka hivi," alinong'ona. Akatazama dirisha, ambako mti ulikuwa ukitikisika, na midomo yake ikatembea kama anahesabu majani. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kisha akasema, "Yuko wapi yule mtoto?"

Kokuberwa alisogea, ameinamisha kichwa. Bibi alimshika kidevu, akauinua uso wake, akaugeuzia kwenye mwanga. Alimtazama kwa muda mrefu, paji la uso, nyusi, meno ya chonge yaliyokuwa bado hayajaota alipomwona vizuri mara ya mwisho.

"Tangu juzi nilikuwa nasema, siku nikipona nataka nione mtoto mwongo ana sura gani," alisema. "Sasa natazama, simwoni. Namwona mtoto aliyeona haya tu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekwisha kukusamehe, pale ulipoongea na nesi. Lakini sikiliza vizuri, mama, maana hili nataka ulikumbuke nikiwa sipo. Hakuna mtu aliyepewa yote. Umewasikia hawa. Kila mmoja ana jambo ambalo wenzake wanaliona la kawaida, na yeye hajawahi kulipata. Mimi hapa nimeishi Kagera maisha yangu yote na lile ziwa la Bukoba sijawahi kuliona. Si aibu. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui, watu watakupisha mahali ukae nao hivyo hivyo. Lakini ukilitunga, mwenzako atalibeba kama la kweli, na hujui atakwenda nalo wapi. Mimi la kwako lilikuwa karibu kunipeleka kaburini nikiwa kipofu, nami bado nina nguvu zangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Haya. Chukua hilo furushi, baba yako anatungoja getini."

Kokuberwa alifunga furushi, akamuaga Joanitha na akina mama, akarudi kitandani na kumnyooshea Bibi mkono kama alivyozoea. Bibi aliutazama ule mkono, akautikisia kichwa.

"Usinishike," alisema. "Tangulia mbele, nikuone unavyotembea."